Kilima cha Boma na Msitu wa Lubaga: Jinsi Ardhi na Imani Vilivyopanga Makazi ya Rungwe

Anayetoka Uyole kwenda Tukuyu hupita Isongole na Kiwira, kisha gari huanza kufuata migongo ya vilima upande wa kusini wa Mlima Rungwe. Ukungu hufika kabla ya mji. Mvua ya hapa hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mara nyingi msafiri huiona migomba ya barabarani kabla hajaiona nyumba iliyo nyuma yake. Mji wenyewe uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Barabara zake hazijanyooka, kwa kuwa kilima hakikuziruhusu. Zinapanda, zinajipinda, zinashuka bondeni na kupanda tena. Boma liko juu. Soko, stendi na majumba ya watu yamejibanza pale palipopatikana tambarare kidogo.

Lakini anayetafuta mahali patakatifu pa Tukuyu hawezi kupaona akisimama katikati ya mji. Msitu wa Lubaga, ambako kwa vizazi vingi mvua ya Unyakyusa iliombewa, uko pembeni. Makao ya Kanisa la Moravian la Jimbo la Kusini yako Rungwe, chini ya mlima. Kanisa la zamani la Kilutheri la Manow liko mbali zaidi, mashariki. Ni mji uliozungukwa na mahali pa ibada, nao wenyewe ukazaliwa mwisho, katikati yao, kwa sababu zisizohusiana na ibada yoyote. Kuelewa ilikuwaje kunatulazimu kuanza mbali sana, kwenye moto uliotengeneza udongo.

Rungwe imekaa mahali ambapo matawi matatu ya Bonde la Ufa hukutana: tawi la Rukwa, la Usangu na la Ziwa Nyasa. Mahali kama hapo ardhi haitulii. Miaka 4,000 hivi iliyopita Mlima Rungwe, ambao kilele chake leo kina mita 2,961, ulilipuka kwa nguvu kubwa na kumwaga mvua ya mawe mepesi yenye vitundu, yale yanayoelea majini, juu ya nchi yote jirani. Mlima Ngozi nao ulilipuka, ukaacha shimo kubwa lililojaa maji na kuwa ziwa. Kiejo ulitema lava kwa mara ya mwisho karibu na mwaka 1800, tukio la jana tu katika umri wa milima. Mtiririko mwingine wa lava ulivuka Mto Kiwira, maji yakajichimbia njia chini yake, na jiwe lililobaki juu watu wanaliita hadi leo Daraja la Mungu. Jina hilo lina uzito kwa mwanahistoria. Linaonyesha kwamba watu wa hapa, walipokutana na umbo la ardhi lisilo la kawaida, hawakukawia kuuliza ni nani aliyelitengeneza.

Majivu ya milipuko hiyo ndiyo yaliyofanya udongo mweusi, mwepesi kulimika, usiochoka upesi. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, inayoteremka kuelekea Ziwa Nyasa, iliukata udongo huo kuwa migongo mirefu iliyotenganishwa na mabonde yenye kina. Kila mgongo ukawa kama nchi ndogo yenye mipaka iliyochorwa tayari. Kabla hajafika chifu wala mkoloni, ardhi ilikuwa imeshapima viwanja.

Wakati mawe mepesi ya Rungwe yalipokuwa yameshafunikwa na msitu, huko Italia watu wengine walikuwa wakijenga juu ya majivu ya mlima mwingine. Vilima saba vya Roma vimefanywa kwa kiasi kikubwa na mwamba laini uliotokana na volkano za jirani, hasa vilima vya Alba. Warumi wenyewe walihesabu kuwa mji wao ulianzishwa mwaka 753 K.K., na hadithi waliyoisimulia ni ya ibada ya jembe. Mwanzilishi, Romulus, aliwafunga nira ng'ombe dume na ng'ombe jike, akalima mfereji kuzunguka mahali pa mji kwa jembe la shaba nyeusi, huku watu wakihakikisha kuwa udongo unaangukia ndani. Pale lango litakapokuwa aliliinua jembe na kulibeba, ili udongo wa mahali hapo usiguswe, na binadamu aweze kupita. Mstari huo ulikuwa mpaka wa kidini kabla ya kuwa mpaka wa kiserikali. Ndani yake kulikuwa na sheria moja na nje yake nyingine, na Sheria za Mbao Kumi na Mbili, za karibu mwaka 450 K.K., zilikataza maiti kuzikwa au kuchomwa ndani ya mji. Ndiyo maana makaburi ya Warumi yalipangwa kando ya barabara zinazotoka mjini, kama ile ya Appia iliyoanza kujengwa mwaka 312 K.K.

Nimeyaleta haya kwa sababu moja. Roma inaonyesha kwa uwazi kuliko mahali pengi jinsi mlima, kinamasi na mungu wanavyoweza kukaa meza moja na mpimaji wa ardhi. Vilima viliwapa Warumi ngome. Mabonde yaliyojaa maji yaliwalazimisha kuchimba mfereji mkubwa wa kukausha uwanja wao wa mikutano. Kisiwa cha Mto Tiber walikipa mungu wa uponyaji mwaka 291 K.K. Vitruvius, mjenzi aliyeandika katika karne ya 1 K.K., alimshauri anayeanzisha mji achague mahali pa juu, mbali na vinamasi, na akasifu desturi ya wazee ya kuchunguza maini ya wanyama waliolishwa mahali hapo kabla ya kujenga. Alishauri pia hekalu la Jupiter, Juno na Minerva liwekwe juu kabisa, ili liione sehemu kubwa ya mji. Na mpango huo ulisafiri. Mwaka 100 B.K. mfalme Trajan aliamuru mji wa Timgad ujengwe katika nchi iitwayo sasa Algeria, ukapangwa kwa mitaa inayokatana kama ubao wa bao, na mabaki yake yamesimama hadi leo. Kwa Mrumi, mji ulikuwa kitu cha kudumu: ukishazinduliwa kwa jembe na sadaka, watoto hukuta mahali palepale walipopaacha babu zao.

Rungwe ilifuata njia nyingine, na kwangu hapo ndipo penye uzito wa habari hii yote. Mapokeo ya Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, yanasema kwamba watu wa kwanza wa bondeni hawakuwa na moto, walikula vyakula vibichi. Kisha wakashuka watawala kutoka milima ya Ukinga, mashariki, wakileta moto, ng'ombe na chuma. Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930 na kuandika vitabu vinne vikubwa kuhusu watu hawa, alipokea orodha za machifu zinazorudi nyuma vizazi kumi hivi. Katika mapokeo hayo mashujaa watatu husimama juu ya wengine. Lwembe alikaa Lubaga, karibu na Tukuyu ya leo. Kyala alikwenda pwani ya ziwa, mahali panapoitwa hadi sasa kwa jina lake. Kyungu alipita kusini hadi Ungonde, ng'ambo ya Mto Songwe, katika nchi ya Malawi ya leo.

Tazama walivyogawana ardhi. Mmoja mlimani, mmoja ziwani, mmoja uwandani. Ramani ya imani ilifuata ramani ya maji. Mvua huanzia juu, hupita katika mito na kuishia ziwani, na kila mahali pa safari hiyo palikuwa na mwenyewe wa kuombwa. Lwembe hakuwa chifu wa kawaida wa kuongoza vita. Afya ya mwili wake ilihesabiwa kuwa afya ya mashamba, na wazee waliomsimulia Wilson walisema kwamba zamani Lwembe akiugua sana hakuachwa afe mwenyewe, ili nguvu ya nchi isife pamoja naye. Makuhani wa Ukinga walishuka milimani kuja Lubaga wakichukua majembe ya chuma na chumvi. Jembe la Mkinga lilikuwa sadaka, na lilikuwa pia chombo ambacho bila hicho mgongo wa Rungwe usingelimika. Sioni haja ya kutenganisha maana hizo mbili, waliolibeba hawakuzitenganisha.

Kila uchifu nao ulikuwa na msitu wake mdogo, pale alipozikwa malafyale, yaani chifu, wa zamani. Miti ya msitu huo haikukatwa. Nchi ilipofyekwa kwa ajili ya mahindi, maharagwe na migomba, visiwa hivyo vya miti mirefu vilibaki vimesimama, na mtu aliye mbali aliweza kusoma kwa macho ni nchi ya nani. Watu wa kawaida walizikwa nyumbani, karibu na mlango. Mrumi aliwatoa wafu wake nje ya ukuta. Mnyakyusa aliwaweka uani, na machifu wake akawaweka msituni.

Katikati ya sehemu hizi zisizohama ndimo yalimokuwa makazi yaliyohama. Mvulana wa miaka 10 au 11 aliondoka kulala nyumbani kwa baba yake. Pamoja na wenzake wa rika lake walijenga vibanda pembeni, wakaendelea kula kwa mama zao kwa zamu na kulima mashamba ya baba zao, lakini usiku walikuwa na kijiji chao. Walipooa walibaki hapohapo, kila mtu na mkewe. Hivyo kijiji cha Kinyakyusa kilikuwa kijiji cha rika: marafiki waliokua pamoja, wakazeeka pamoja, na kijiji chao kikafa nao. Wazee waliisifu sana raha ya kukaa na wenzao, wakaiita ukwangala, yaani mazungumzo, chakula na pombe pamoja na watu wa umri wako. Walitoa na sababu ya heshima: haifai mkwe wa kike kukutana na baba mkwe kila asubuhi, wala kijana kusikia mambo ya faragha ya wazazi wake.

Mara moja kwa kizazi, kila baada ya miaka 30 na kitu, ilifanyika ubusoka, sherehe ya kutoka. Machifu wazee na wazee wa vijiji walikabidhi nchi kwa vijana. Nchi iligawanywa mara mbili kwa wana wakubwa wawili wa chifu, viongozi wapya wa vijiji wakateuliwa, na miti ikapandwa kuwa alama. Moto wote wa zamani ulizimwa. Kisha moto mpya ukapekechwa kwa vijiti, na kila nyumba ikachukua mwali kutoka hapo. Nadhani hapa ndipo jembe la Romulus na kijiti cha kupekechea moto vinapoweza kuwekwa kando kwa kando. Vyote viwili vilianzisha makazi kwa tendo la ibada. Lakini jembe lilichora mstari ardhini ili mji usihame tena, na moto uliwashwa kwa watu, popote walipokuwa, na ukawa mpya kila kizazi kilipokuwa kipya. Yaliyofanywa mara moja tu Roma, Rungwe iliyarudia kila kizazi.

Mfumo huo ulihitaji nafasi. Vijana walipotoka, mashamba yaligeuzwa mikono, na familia za machifu zilizidi kusambaa migongoni, juu kuelekea msitu na chini kuelekea ziwa. Kulikuwa na nguvu nyingine ya kuwahamisha watu. Wanyakyusa waliamini kwamba hasira ya majirani juu ya mtu mkorofi ilimfikia kama ubaridi, pumzi ya watu, ikamletea homa au kumnyang'anya uzazi. Aliyehisi pumzi hiyo alifungasha akahamia kijiji kingine. Hivyo hofu ya kiroho ilifanya kazi ya baraza la ardhi: iliwatenganisha waliogombana kabla hawajamwaga damu. Simon Charsley, aliyechunguza upya kumbukumbu za wamisheni na kuchapisha kazi yake mwaka 1969, alionya kuwa mgawanyo wa nchi haukuwa nadhifu kila mahali kama ulivyoelezwa, na onyo lake ni la haki. Desturi haiendi kama saa. Hata hivyo umbo la jumla linabaki: mahali patakatifu pametulia, watu wanahama.

Wazungu wa kwanza walioandika juu ya nchi hii walipita katika miaka ya 1870. Frederic Elton alipita mwaka 1877, na Joseph Thomson mwaka 1879. Thomson hakuficha mshangao wake. Aliona vijiji vilivyofagiliwa, vivuli vya migomba, ng'ombe walionenepa na nyumba za mianzi zilizosilibwa kwa udongo na kupambwa kwa mikono, akaandika kama mtu aliyeingia bustani. Hakujua kwamba usafi aliouona ulikuwa na umri, kwamba aliyefagia ua ule alifagia pamoja na wenzake waliokuwa wakichunga ng'ombe pamoja wakiwa watoto.

Mwaka 1891 ukabadilisha mambo. Wamoravian kutoka Herrnhut, Ujerumani, Theodor Meyer na mjenzi Johann Häfner miongoni mwao, walifika chini ya Mlima Rungwe mwezi Agosti na kuanzisha kituo. Mwezi Oktoba, Alexander Merensky wa Misheni ya Berlin akaanzisha chake, akakipa jina la Wangemannshöhe, yaani kilima cha Wangemann. Zikafuata Manow mwaka 1892, Mwakaleli mwaka 1893, na kwa upande wa Wamoravian, Ipyana na Rutenganio mwaka 1894. Hicho cha mwisho leo huandikwa Lutengano, na jina lake lina maana ya amani. Waberlin walichukua mashariki, Wamoravian magharibi. Ramani ikapata safu mpya.

Kwa nini mlimani? Sehemu ya jibu angeweza kulitoa Vitruvius. Wageni hawa waliogopa homa ya ziwani, iliyowaua wengi wao, wakatafuta hewa baridi na maji yatembeayo. Sehemu nyingine ya jibu ni machifu wenyewe, waliowaonyesha mahali pa kukaa na kuwapima kwa kuwaweka mahali hapo. Wamisheni walifyatua matofali, wakapasua mbao, wakajenga kanisa la kudumu ambalo halikukusudiwa kuzeeka pamoja na rika lolote. Kengele ilianza kuhesabu siku. Waliobatizwa walisogea karibu na kituo, wakakaa kwa familia: mume, mke mmoja na watoto wao, ua kwa ua. Mkristo hakupekecha moto wa ubusoka, na mwanawe hakwenda kujenga kibanda na wavulana wenzake. Kwa hiyo vijiji vya Kikristo vilikuwa mpango mpya wa makazi, si mahali papya pa kusali tu.

Lakini kuna jambo moja ambalo wamisheni hawakulivunja, na linastahili kutazamwa kwa karibu. Walipotafuta neno la Kinyakyusa la kumwita Mungu, waliishia kwa Kyala. Jina la yule wa ziwani, aliyeombwa kwenye pango la pwani, likahamia katika kila kanisa la mlimani na likabaki katika Biblia ya Kinyakyusa. Bibi anayeomba leo katika kanisa la Rungwe anatamka jina lililoanza kutamkwa pale maji yanapoishia.

Serikali ya Wajerumani ilifuata misheni. Mwaka 1893 Hermann von Wissmann aliijenga Langenburg kwenye pwani ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, mahali pa meli yake. Jina lilitoka kwa mwanamfalme wa Hohenlohe-Langenburg huko Ujerumani. Lakini pwani ile ilikuwa na homa na ilikuwa mbali na watu waliotakiwa kutawaliwa na kulipa kodi. Mwanzoni mwa karne ya 20 boma likahamishiwa mlimani, kwenye kilima kidogo cha volkano katikati ya Wanyakyusa, likaitwa Neu Langenburg. Hapo ndipo Tukuyu ilipozaliwa. Aliyepachagua alitaka kuona mbali, kupata hewa safi na kuwa na njia za kwenda pande zote. Hakuna jembe lililozunguka, hakuna moto uliopekechwa, hakuna kuhani aliyeitwa.

Boma lilileta watu wake. Askari, makarani na wafanyabiashara kutoka pwani walikuja na Kiswahili, na wengi wao na Uislamu. Leo kata za mji zina majina ya Bagamoyo na Msasani kando ya Bulyaga, Kawetele na Makandana. Ukiyasoma majina hayo kwenye kibao unasoma historia nzima: nusu ya mji ilishuka kutoka mgongoni, nusu ilipanda kutoka baharini. Wajerumani walijenga boma jingine Masoko, kando ya ziwa dogo lililojaa shimo la volkano, kwa ajili ya kikosi chao. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey yaliingia Neu Langenburg mwezi Mei 1916. Wamisheni Wajerumani waliondolewa, na kwa miaka kadhaa Wakristo wa Rungwe na Manow waliendesha ibada zao wenyewe hadi Waskoti wa Misheni ya Livingstonia walipokuja kusaidia, na baadaye Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Kengele haikunyamaza. Hilo linaonyesha kuwa kufikia hapo kituo kilikuwa kimeshakuwa mahali pao.

Waingereza waliliacha jina la Kijerumani na kulichukua la kilima. Tukuyu ikawa makao ya wilaya, lakini haikukua kama ilivyotarajiwa. Dhahabu ya Lupa iliwavuta vijana kaskazini, na mwishoni mwa miaka ya 1920 mji wa Mbeya ukaanza kuinuka kwenye uwanda mpana wenye nafasi ya barabara ndefu na uwanja wa ndege. Kilima kilicholipa boma usalama kiliunyima mji nafasi. Ardhi ileile iliyouzaa mji iliuwekea na mpaka.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja kwa miti. Chai ilikuwa imeshajaribiwa Rungwe tangu mwaka 1904, na katika zama za Waingereza mashamba yake yakapanuka. Wakulima wadogo nao wakapanda kahawa migongoni. Mkahawa hauwi mkubwa kwa msimu mmoja, na hauhami. Mtu aliyeupanda hakutaka kuondoka kwa sababu kijana wa chifu mpya ametoka, wala kwa sababu majirani wanamnung'unikia. Alitaka mwanawe aurithi. Philip Gulliver, aliyechunguza umiliki wa ardhi Unyakyusa na kuchapisha utafiti wake mwaka 1958, aliona jambo hilo likitokea mbele ya macho yake: watu wameongezeka, ardhi tupu imekwisha, shamba linapita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto badala ya kurudi kijijini. Vijiji vya rika vikaanza kufifia. Sherehe iliyopanda miti ilishindwa na miti mingine.

Uhuru ulipokuja, machifu walipoteza madaraka yao ya kiserikali mwaka 1963, na malafyale akabaki na heshima ya kimila. Eneo la chini karibu na ziwa lilitengwa kuwa Wilaya ya Kyela mwaka 1972, na Busokelo baadaye ikapata halmashauri yake. Operesheni vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamisha mamilioni kwingineko nchini, haikuwa na pa kuwahamishia watu wengi katika migongo iliyokwisha kujaa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 339,157 Rungwe. Barabara ya lami kutoka Uyole hadi mpaka wa Malawi ilifanya kile ambacho boma lilishindwa: iliivuta biashara kandokando yake, ikazaa masoko Kiwira na kwingine, na malori ya ndizi na viazi hupakia usiku kucha. Makazi ya leo yanafuata mkondo wa lami kama yalivyofuata zamani mkondo wa mto.

Na msitu je? Juu ya makazi hayo Mlima Rungwe bado umevaa miti yake. Mwaka 2003 watafiti walimwona humo nyani ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walimfahamu kwa jina la kipunji. Mwaka 2009 mlima ukatangazwa hifadhi ya mazingira asilia. Waliotunga sheria hiyo walizungumzia maji, ndege na wanyama. Hawakumtaja Lwembe. Lakini sheria yao inasema kile ambacho makuhani wa Lubaga walisema kwa lugha yao, kwamba miti ya juu isikatwe, kwa kuwa mvua ya chini inatoka huko.

Siku ya mazishi, katika kijiji kama Kisondela au Ilima, yote haya hukutana mahali padogo. Watu hufika kwa pikipiki na kwa miguu, wanawake wamebeba ndizi na kuni, wanaume wa jirani wamekuja na majembe. Kaburi linachimbwa uani, kati ya mkahawa na mgomba, kando ya makaburi mengine yaliyosakafiwa kwa saruji, karibu na nyumba ya matofali ambayo mtoto wa marehemu ataendelea kuishi. Mchungaji amevaa joho lake, anamwomba Kyala. Wachimbaji wanapokezana. Udongo unaotoka ni mweusi, mwepesi, unanukia mvua. Wakifika karibu na kiuno, jembe linabadilisha sauti: limegusa tabaka la mawe mepesi yenye vitundu ya Mlima Rungwe, yaliyokuwa hapo kabla ya Lwembe, na wanayatupa pembeni mwa shimo pamoja na udongo, yakitoa vumbi jeupe juu ya majani.